Bega, Kiti na Cheti: Mwalimu Ni Sawa na Afisa Gani?



Kuna swali linalozunguka katika shule zetu hapa Gihundwe, na nina hakika linazunguka hata huko mliko: mwalimu wa sekondari mwenye stashahada ni sawa na nani jeshini? Ni sajini? Ni luteni? Na katibu mtendaji wa sekta, akikutana na kapteni, nani amsalimu mwenziwe kwanza? Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini jibu lake husubiriwa kwa moyo mzito, kwa sababu anayeuliza huwa anatafuta jambo jingine. Anataka kujua kazi yake, au kazi anayoiotea, ina thamani gani machoni pa nchi.

Leo nataka kulipinga swali hilo. Limeundwa vibaya, na swali lililoundwa vibaya huzaa ama majivuno ama kinyongo. Lakini sitaishia kupinga tu. Lipo swali jingine, linalofanana nalo kwa mbali, ambalo kila raia ana haki ya kuliuliza, na kuna watu wanaotaka kutunyamazisha tusiliulize. Hao nao nitawajibu.

Maneno kwanza

Mwalimu wa lugha hana budi kuanza na maneno, maana fikra zilizovurugika mara nyingi hutokana na maneno yaliyovurugwa. Neno "cheo", kabla ya kuwa jina la nafasi ya mtu, lilikuwa na maana ya kipimo. "Mshahara" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi, wala halina fumbo zaidi ya hilo. "Daraja" lina maana mbili tunazozijua vyema hapa Rusizi: ni ngazi ya kazi au ya ubora, na ni kile kinachotuvusha mto kwenda Bukavu.

Kisha kuna "afande", neno ambalo nchini Rwanda hutumiwa kumwita afisa wa jeshi kwa heshima. Asili yake ni Kituruki, nalo lilifika kwetu pamoja na askari wa Kisudani waliotumikia majeshi ya wakoloni mwishoni mwa karne ya 19. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambamo Rwanda ilikuwemo hadi mwaka 1916, jeshi lilikuwa na ombasha, yaani koplo, na shaushi, yaani sajini. Upande wa utawala wa kiraia, hasa pwani, walikuwako liwali, akida na jumbe. Lugha iliwapa watu hao majina mbalimbali kwa kuwa kazi zao zilikuwa mbalimbali. Sisi tuliozirithi kazi hizo tumekuwa wepesi wa kuzichanganya kuliko lugha yenyewe.

Mizani tatu

Sababu kubwa ya kulikataa swali la "sawa na nani" ni kwamba serikali haitumii mizani moja kuwapima watu wake. Inatumia tatu.

Askari hulipwa kwa bega. Cheo chake kimeshikamana naye mwenyewe. Kapteni akihamishwa kutoka Kamembe kwenda Nyagatare, akipelekwa masomoni, akilazwa hospitalini, bado ni kapteni. Wanafunzi wa Kiswahili wajifunze ngazi hizo kama zinavyotajwa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo limevitafsiri vyeo vyake vizuri: baada ya askari wa kawaida huja koplo usu, koplo, sajini na sajinitaji, kisha maafisa wateule wa daraja la pili na la kwanza, kisha luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali, meja jenerali, luteni jenerali, na juu kabisa jenerali.

Mtumishi wa ofisini hulipwa kwa kiti. Nchini Rwanda kila nafasi ya kazi ya umma imewekwa katika ngazi, na kila ngazi ina namba ya kipimo inayozidishwa kwa thamani maalumu ili kupata mshahara kabla ya makato. Mhasibu wa wilaya akiacha kazi leo, ngazi haiondoki naye. Inabaki kwenye kiti ikimsubiri atakayekikalia. Ndiyo maana sheria ya watumishi wa umma ya mwaka 2020 inazungumzia sana nafasi za kazi, na jeshi lina kanuni zake maalumu zinazozungumzia sana mtu na cheo chake.

Mwalimu hulipwa kwa cheti. Kwetu kuna A2 kwa aliyemaliza sekondari ya ualimu, A1 kwa mwenye stashahada, na A0 kwa mwenye shahada. Tanzania hufanya jambo linalofanana na hili: mwalimu wa cheti huanzia TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Walimu wawili waweza kufundisha darasa moja, somo moja, wanafunzi walewale, na wakatofautiana mshahara kwa sababu ya karatasi iliyoko kwenye faili.

Basi nani atalinganisha bega na kiti, au kiti na cheti, akapata jibu la haki? Ni sawa na kumuuliza mfanyabiashara wa Kamembe gunia moja la mihogo ni mita ngapi. Anayejibu kwamba mwalimu wa stashahada ni luteni amebuni, na anayejibu kwamba ni koplo amebuni pia.

Waliowahi kulinganisha

Msomaji atasema: mbona wakubwa wa dunia wamelinganisha? Ni kweli. Mwaka 1722 Kaisari Petro Mkuu wa Urusi alitoa jedwali la vyeo lenye madaraja 14, akawapanga wanajeshi, watumishi wa serikali na watu wa ikulu sambamba, kila mmoja na mwenziwe. Alikuwa na nia njema kwa kiasi fulani: alitaka utumishi uhesabiwe kuliko ukoo. Lakini tazameni matunda yake. Mwaka 1836 mwandishi Gogol alichapisha hadithi ya "Pua", ambamo mhusika Kovalyov, mtumishi wa kiraia wa daraja la nane, anapenda kujiita Meja, kwa kuwa jedwali limemwambia kwamba daraja lake linalingana na hilo. Zaidi ya miaka 100 baada ya jedwali, bado kulikuwa na watu wa kuchekwa kwa sababu ya kuazima cheo cha jeshi ambacho hawakukitumikia. Na hata leo, katika ofisi ngapi za Afrika Mashariki, mtu aliyepewa meza na mhuri huanza kutembea kama anakagua gwaride?

Ulinganisho mwingine uko katika Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, unaohusu wafungwa wa vita. Kifungu cha 60 kinawagawa wafungwa katika makundi matano na kutaja malipo ya awali ya kila mwezi: walio chini ya sajini, faranga 8 za Uswisi, masajini na wenzao, 12, maafisa wateule na maafisa walio chini ya meja, 50, mameja hadi makanali, 60, majenerali, 75. Kila kundi linawahusu pia wafungwa wenye cheo kinacholingana nalo, na mkataba unawatambua kama wafungwa wa vita hata raia fulani wanaofuatana na jeshi bila kuwa askari, kama vile waandishi wa habari za vita.

Hapa ulinganisho una kazi: usipofanywa, mtu atakosa haki yake akiwa mikononi mwa adui. Lakini angalieni kipimo chake. Kati ya askari wa chini kabisa na jenerali, tofauti ni mara tisa na ushei tu. Dunia ililinganisha ili mfungwa apate chochote cha kununulia sabuni. Haikulinganisha ili raia apandishe mabega.

Neno kwa walimu wenzangu

Nawajua walimu wanaosema: "Tupeni nyota nasi, tuheshimiwe." Nawaheshimu, lakini nawapinga. Askari hakupewa nyota kama zawadi. Amebadilishana nazo vitu ambavyo mimi na wewe hatujavitoa. Hawezi kugoma. Hawezi kujiunga na chama cha siasa. Hawezi kuacha kazi siku anayochoka. Akiambiwa usiku ahame, alfajiri yuko njiani. Amri isiyotiiwa kwake ni kosa la kijeshi, ilhali kwangu mimi maagizo ya mkuu wa shule naweza kuyahoji katika kikao cha walimu, nikaandikiwa barua, nikajibu barua. Cheo cha kijeshi kimeundwa ili amri ipite haraka wakati risasi zinalia na hakuna nafasi ya mjadala. Darasa langu limeundwa kwa mjadala. Siku nitakapohitaji nyota begani ili wanafunzi wanisikilize, nitakuwa nimeshindwa kazi.

Tukidai kulinganishwa na luteni, basi tukubali kulinganishwa naye katika yote. Wanaotaka mshahara wa luteni bila wajibu wa luteni wanadai urembo, hawadai haki. Wapo Waswahili waliosema cheo ni dhamana, na maneno hayo yakawa sehemu ya ahadi za mwanachama wa TANU kule Tanganyika. Dhamana huwekwa na mtu anayeweza kuja kuidai.

Neno kwa wanaotuambia tusiulize

Upande wa pili wamesimama watu wengine, nao ni hatari zaidi kwa sababu wana sura ya uzalendo. Husema hivi: "Askari hufa kwa ajili yenu. Msilinganishe chochote. Kuuliza ni kukosa shukrani." Wengine huongeza methali: vidole vya mkono havilingani.

Nawajibu kwanza juu ya kufa. Ni kweli kwamba askari huweka maisha yake rehani, na hatari hiyo ilipwe, tena ilipwe vizuri. Lakini hatari haivai sare peke yake. Septemba 2024 homa ya Marburg ilipotangazwa nchini Rwanda, watu 66 walithibitishwa kuugua na 15 wakafa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Waliingia wodini asubuhi kama wanavyoingia siku zote, wakakutana na adui asiyeonekana. Hapakuwa na wa kuwauliza wana nyota ngapi. Kama hatari ndiyo hoja, basi ilipwe kama hatari, kwa jina lake, kwa posho yake, kwa yeyote aliye ndani yake: askari mpakani, muuguzi wodini, mzimamoto kwenye moto. Ikifichwa ndani ya cheo, ataipokea hata aliyeketi ofisini miaka 10, na ataikosa aliyeikabili.

Pili, juu ya vidole. Havilingani, sawa, lakini ni vya mkono mmoja, na damu inayovilisha ni moja. Mshahara wa askari, wa karani, wa mwalimu na wa waziri hutoka katika mfuko uleule, ambao mama anayeuza dagaa sokoni huutia chochote kila anaponunua sabuni yenye kodi. Mwenye mfuko hauliziwi kwa nini anauliza.

Tatu, juu ya ukimya. Eneo letu limekwisha kuona kinachotokea hesabu za malipo na vyeo zikifanywa gizani. Kutoka vilima vya Gihundwe tunaiona Bukavu ng'ambo ya Ziwa Kivu, basi tuanze na nchi hiyo jirani. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye, tarehe 5 Julai, askari wa kambi ya Thysville waliasi, kwa sababu uhuru uliokuwa umewapandisha wanasiasa na makarani haukuwagusa wao: maafisa wote bado walikuwa Wabelgiji. Lumumba alijaribu kuuzima moto kwa kumpandisha kila askari daraja moja. Moto haukuzimika. Kila mtu akipanda hatua moja kwa wakati mmoja, hakuna aliyepanda. Umbali kati yao umebaki uleule, na cheo kimepungua uzito. Siku chache baadaye Mobutu, ambaye aliwahi kuliacha jeshi akiwa na cheo cha sajini tu, akawa kanali. Mliobaki na historia mnaijua.

Septemba 1991 askari wa Mobutu huyohuyo, waliochoshwa na malipo duni, walipora Kinshasa. Januari 1993 wakapora tena, baada ya kulipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa. Mabega yalikuwa na alama zote za cheo. Mfuko haukuwa na kitu.

Januari 1964 ilikuwa zamu ya Afrika Mashariki. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito karibu na Dar es Salaam. Tarehe 23 wakafuata wa Jinja, Uganda. Tarehe 24 wakafuata wa Lanet, Kenya. Madai yalifanana: mishahara, na maafisa Waafrika badala ya Waingereza. Serikali tatu zilijibu kwa namna tatu. Kenya ilitumia mkono mzito na mahakama za kijeshi. Uganda ilikubali kupandisha mishahara kwa kiasi kikubwa; na tarehe 25 Januari 1971 jeshi liliipindua serikali ileile iliyowapandishia. Sisemi kwamba mshahara peke yake ndio ulioleta mapinduzi. Nasema kwamba aliyenunua utulivu hakununua utii. Tanganyika ililivunja jeshi lote, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi kwa misingi mipya.

Miaka miwili baadaye nchi hiyohiyo ilipata somo la pili, safari hii kutoka kwa wasomi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakipinga kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ambayo, kwa muda fulani, yangewaachia asilimia 40 tu ya mishahara yao. Nyerere aliwafukuza mamia yao, na hapohapo akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mnaweza kubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini alielewa kwamba mtu hawezi kuzungumza juu ya ngazi za chini huku ya kwake ameifunika kwa kitambaa.

Swali lililo sahihi

Sasa nifike kwenye swali ninalolipendekeza. Badala ya kuuliza mwalimu ni sawa na afisa gani, tuulize: nchi inachukua nini kwa kila mmoja wa watumishi wake, na inamrudishia nini?

Swali hili lina majibu yanayohesabika. Upande wa kuchukua kuna miaka ya mafunzo, saa za kazi, hatari, uhuru uliosalimishwa, na uzito wa kosa likifanyika. Upande wa kurudisha kuna mshahara, makazi, chakula, matibabu, mikopo na pensheni. Askari wa Rwanda ana bima yake ya matibabu na benki yake ya Zigama. Mwalimu ana Umwalimu SACCO. Anayelinganisha mishahara mitupu, akaacha hayo mengine, amepima nyumba kwa kutazama mlango.

Kenya imetuonyesha kwamba jambo hili lawezekana bila nchi kuanguka. Katiba yao ya mwaka 2010, katika kifungu cha 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kifungu cha 260 kimemweka Mkuu wa Majeshi katika orodha moja ya maafisa wa dola pamoja na majaji, mawaziri na wabunge. Mkuu wa jeshi na mbunge hupimwa na chombo kimoja. Wakenya hulalamika juu ya tume hiyo kila mwaka, na hilo ni jambo jema. Wanalalamikia kitu wanachokiona.

Nasi tunao ushahidi wetu. Agosti 2022 serikali ya Rwanda iliongeza mishahara ya walimu wa msingi wenye A2 kwa asilimia 88, na ya walimu wenye A1 na A0 kwa asilimia 40. Nami niseme wazi kwamba nina maslahi hapa, kwa kuwa nina stashahada. Lakini fikirini: mwezi ule hakuna mwalimu aliyepata cheti kipya, darasa halikubadilika, chaki ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni uamuzi. Basi ngazi ya mshahara si mlima ulioumbwa na Mungu. Ni ngazi ya mbao, iliyotengenezwa na mafundi wanaojulikana, na vipago vyake vyaweza kusogezwa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza, majedwali ya malipo ya watumishi wote yawekwe kando kwa kando, pamoja na stahiki zake zote, kwa lugha ambayo raia wa kawaida anaisoma. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Sheria zetu huchapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na ingefaa mwanafunzi wangu azisome pia kwa lugha hii ninayomfundisha. La pili, hatari ilipwe kama hatari, bila kutazama sare. La tatu, cheti cha mwalimu kiwe mlango wa kuingilia, kisiwe dari ya kichwa chake. Miaka ya kazi iliyofanywa vizuri darasani ihesabiwe kwa uzito kama alama za begani.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mtamaliza shule na kuchagua. Atakayechagua jeshi aende kwa moyo safi, akijua anachokitoa. Atakayechagua ofisi ajue kwamba kiti si chake. Na atakayechagua chaki asikubali kuambiwa ni luteni wala asikubali kuambiwa ni koplo. Aseme: mimi ni mwalimu, na hesabu yangu nataka kuiona.

Zoezi la juma hili: andikeni insha ya maneno 300 mkijibu swali, "Je, hatari ya kazi ilipwe kwa cheo au kwa posho?" Tumieni maneno haya sita kwa usahihi: cheo, daraja, ngazi, posho, stahiki, dhamana. Anayenipinga kwa hoja atapata alama nyingi kuliko anayekubaliana nami bila hoja.

Mwalimu wenu wa Kiswahili,
Gihundwe, Rusizi